Maswali Yenu: Mbona Mfanyakazi wa Chuo Hana Kiti Kwenye Kaunsili?

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Malindi na pembezoni mwake, Watamu, Gede, Ganda, mpaka Mambrui, na karibu zote zinazunguka jambo moja, nani anakaa kwenye kaunsili ya chuo kikuu cha umma na mbona anayefanya kazi pale ndani hayumo. Nimezipunguza urefu, na majina ya watu na ya vyuo nimeyatoa kwa sababu wengi walioandika wangali kazini.

FUNDI WA MAABARA, MAWENI

Salaam aleikum dada. Mimi nafanya kazi maabara ya chuo kikuu cha umma, nyumbani ni Maweni, kila Jumatatu alfajiri nadandia matatu naenda zangu. Majuzi tumeletewa barua ati kaunsili imeamua maabara mbili ziwe moja na mafundi wengine tuhamishiwe kampasi nyengine. Hakuna aliyetuuliza. Kuna mashine pale haiwezi kukaa chumba kimoja na ile nyengine, moja inataka pakavu na nyengine inatoa mvuke siku nzima, tungeulizwa tungesema, lakini nani atuulize. Sasa hawa watu wa kaunsili ni kina nani hasa, wanaingiaje, na ni kweli hakuna hata mmoja anayetoka kwetu sisi wafanyakazi?

Waaleikum salaam kaka. Ni kweli hakuna, na pole sana kwa hiyo barua. Wacha nieleze kwa urefu manake hata watu waliokaa vyuoni miaka mingi hawajui kaunsili yao ina nani.

Sheria inayotawala vyuo vikuu vyetu ni ya 2012, Sheria ya Vyuo Vikuu namba 42, na kifungu cha 36 kinasema kaunsili ya chuo cha umma ni watu tisa. Kuna mwenyekiti, kuna Katibu wa Wizara inayoshughulikia vyuo vikuu, kuna Katibu wa Hazina ya Taifa, hawa makatibu wawili kwa kawaida hutuma watu wao wawakalie, kuna watano wanaoteuliwa na Waziri kwa njia ya wazi, alafu kuna naibu chansela, yule VC, ambaye kiti chake kinakuja na kazi yake. Tisa wametimia. Wanane wameletwa na serikali au wametumwa nayo na wa tisa ndiye bosi wako. Mhadhiri aliyepigiwa kura na wahadhiri wenzake hayumo, fundi wa maabara hayumo, mtu wa maktaba, mpishi, dereva, karani, mlinzi, wote hawamo, na mwanafunzi pia hayumo.

Na kaunsili si mahali pa kunywa chai. Kwa sheria hiyo hiyo ndiyo inayoajiri wafanyakazi, ndiyo inayopitisha bajeti ya chuo, ndiyo inayopitisha sera na kanuni. Ukiutoa mkataba wako wa kazi ukausoma vizuri utaona mwajiri wako ni kaunsili, hata kama barua zote unazopata zimesainiwa na msajili. Kwa hivyo watu wanaoamua maabara yako ikae wapi, mshahara wako upande au ukae vile vile, idara yako iwepo mwakani au isiwepo, ndio hao tisa ambao pengine hawajawahi kuingia kwenye hicho chumba chako chenye mvuke.

Haikuwa hivi siku zote. Kabla ya 2012 kila chuo cha umma kilikuwa na sheria yake, Moi ya 1984, Nairobi na Kenyatta za 1985, Egerton ya 1987, JKUAT ya 1994, na kaunsili za wakati ule zilikuwa na watu waliotumwa na seneti ya chuo, lile baraza la wasomi wake, na hata wanafunzi waliochaguliwa na wenzao. Sisemi ilikuwa pepo. Rais mwenyewe ndiye alikuwa chansela wa vyuo vyote vya umma mpaka Kibaki alipouacha mtindo huo, na wahadhiri walipogoma 1993 wakidai chama chao kisajiliwe kuna waliofutwa kazi, na UASU haikupata usajili mpaka 2003, miaka kumi baadaye. Lakini kwenye kaunsili kulikuwa na mtu anayetoka darasani. Sheria mpya ilipokuja ikakata kaunsili zikawa ndogo, na mtu anaelewa mbona walitaka zipungue, kaunsili kubwa ni posho nyingi na vikao visivyokwisha, ila kupunguza ni jambo moja na nani apunguzwe ni jambo lengine, na waliopunguzwa ni wale wasio na mtu wizarani.

Hiyo habari yako ya mashine mbili inaniuma kwa sababu naamini hakuna aliyekusudia ubaya. Mtu wa Hazina aliona karatasi inayosema maabara mbili zina matumizi ya chini, akaona chumba kimoja kinatosha, akapiga kura. Angekuwepo fundi mmoja pale mezani angesema maneno mawili tu na hiyo karatasi ingerudishwa ikaandikwe upya. Sasa pesa zitatumika kuhamisha, alafu zitatumika tena kurudisha.

Kwa sasa hivi fanya hivi. Nenda kwa watu wa KUSU, chama cha wafanyakazi wa vyuo vikuu, tawi lenu, na ubebe barua yako ya kuhamishwa pamoja na mkataba wako. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10, inataka mahali pa kazi paandikwe kwenye maelezo ya ajira yako, na mambo hayo yakibadilika mwajiri anatakiwa ayarekebishe kwa kushauriana na wewe na akujulishe kwa maandishi. Kwanza angalia kama mkataba una kipengele kinachosema unaweza kupelekwa kampasi yoyote, manake kikiwepo mambo yanakuwa magumu kidogo. Na ile habari ya mashine iandike, ukurasa mmoja, uipeleke kwa mkuu wa idara na nakala kwa ofisi ya VC, wasije wakasema baadaye hawakuambiwa.

MWALIMU MKUU MSTAAFU, GANDA

Hujambo mwanangu. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, sasa nimestaafu nafuga kuku. Kwenye bodi ya shule yangu kulikuwa na mwalimu aliyechaguliwa na wenzake, alinisumbua sana yule bwana, lakini ndiye aliyetuokoa siku bodi ilipotaka kuchimba vyoo mahali maji yanapotuama masika. Kama shule ya msingi ina mwalimu kwenye bodi, chuo kikuu chenye maprofesa kinakosaje? Na sisi raia tunaweza kufanya nini?

Shikamoo mwalimu. Swali lako natamani lisomwe Bungeni kwa sauti.

Ni kama ulivyosema. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 56, inasema bodi ya usimamizi iwe na wawakilishi sita wa wazazi, watatu wa wadhamini wa shule, mmoja aliyependekezwa na bodi ya elimu ya kaunti, mmoja wa makundi maalum, mmoja wa watu wenye mahitaji maalum, na mwalimu mmoja aliyechaguliwa na walimu wa shule hiyo, tena mwakilishi wa baraza la wanafunzi anaingia pia. Angalia mwaka huo, 2013. Ile ya vyuo vikuu ilipitishwa Desemba 2012. Ni wiki chache tu kati ya moja na nyengine, nchi ile ile, katiba ile ile ya 2010 ambayo kifungu chake cha 10 kinataja ushiriki wa wananchi kama thamani ya taifa, na bado mwalimu wa darasa la tatu wa Ganda akaonekana anafaa kukaa kwenye bodi na profesa wa kemia akaonekana hafai. Mimi sijawahi kusikia maelezo yanayoingia akilini. Hata BMU za wavuvi, vile vikundi vya kusimamia fukwe, kwa kanuni zao za 2007, kamati inachanganya wenye vyombo na mabaharia na wachuuzi wa samaki, na hakuna aliyelalamika ati baharia akikaa kamatini ataiuza bahari.

Kuhusu raia, mzee wangu, mlango upo na hautumiki vya kutosha. Katiba kifungu cha 119 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni la kutunga sheria, kuibadilisha au kuifuta. Kila mtu, si lazima uwe mwanasheria wala uwe na chama. Mnakaa wazazi, wastaafu na wafanyakazi, mnaandika kwamba mnaomba kifungu cha 36 kibadilishwe kiweke viti vya wahadhiri na vya wafanyakazi wasiofundisha, vya kuchaguliwa kwa kura ya siri na wenye haki ya kupiga kura ndani ya kaunsili, mnatia saini, mnampa mbunge wenu alipeleke au mnalipeleka wenyewe kwa karani wa Bunge. Mngetaja na hicho kifungu cha 56 humo humo mngewapa kazi ya kujibu. Na sauti ya mwalimu mkuu mstaafu kwenye ombi kama hilo ina uzito kuliko mnavyofikiria.

MFANYABIASHARA, WATAMU

Dada mimi siungi mkono. Nimekaa kwenye bodi za kampuni, najua. Mfanyakazi akiingia kwenye kaunsili cha kwanza atajipandishia mshahara. Huwezi kuwa mchezaji na refa. Wana chama, wana haki ya kugoma, wanataka nini tena? Vyuo vyenyewe vina madeni.

Kaka nakuelewa na hoja yako si ya kutupa, ndiyo inayosemwa kila mahali jambo hili likiguswa, kwa hivyo nitakujibu kwa utulivu.

Unasema mwajiriwa hawezi kukaa na waajiri. Na VC je? VC ni mwajiriwa wa chuo, ana mkataba, ana mshahara, na anakaa pale kikao baada ya kikao. Likija jambo la mshahara wake yeye binafsi anatakiwa atoke wengine waamue, alafu anarudi kitini, na hakuna anayeona ajabu. Utaratibu huo huo unamfaa mtu wa maktaba pia. Jambo linalomgusa yeye binafsi, au meza ya mazungumzo na chama chake, anatoka. Mengine yote, majengo, karo, kozi mpya, manunuzi, kampasi ya kufunguliwa au kufungwa, anakaa. Na Katibu wa Hazina naye ana upande, kazi yake ni kuangalia pesa za serikali zisitoke ovyo, mbona yeye hatumwambii ana mgongano wa maslahi? Kila mtu kwenye ile meza ametoka mahali.

Afrika Kusini hili walilifikiria zamani. Sheria yao ya elimu ya juu namba 101 ya 1997 inaweka kwenye kaunsili wahadhiri waliochaguliwa na wahadhiri, wafanyakazi wasiofundisha waliochaguliwa na wenzao, watu wa seneti na wanafunzi, na Waziri anapewa nafasi zisizozidi tano. Alafu wakaweka kufuli dhidi ya hiyo hofu yako, angalau asilimia 60 ya wanakaunsili lazima wawe watu ambao si waajiriwa wala wanafunzi wa chuo hicho. Na kila aliyeketi, awe alichaguliwa na nani, anatakiwa aamue kwa maslahi ya chuo. Sasa niambie hapo mtu ataj​ipandishiaje mshahara, hata wafanyakazi wote wakipiga kura upande mmoja hawafiki nusu.

Chama kipo ndio, lakini chama na kaunsili wanakutana mambo yakiwa yashaharibika. Mwaka 2025 wahadhiri waligoma siku 49, toka Septemba mpaka Novemba, na pesa kubwa iliyogombaniwa ilikuwa ya mkataba wa pamoja wa 2017 hadi 2021. Mkataba umeisha, umekuja mwengine, na wa kwanza ulikuwa bado haujalipwa wote! Wanafunzi wakakaa nyumbani, wapangishaji wa vyumba karibu na vyuo wakakosa kodi, mama wa chapati na maharagwe pale getini akafunga kibanda. Sisemi kiti kimoja kingeuzuia mgomo ule, pesa zilikuwa mikononi mwa serikali kuu. Ninachosema ni kwamba mtu wa ndani angekuwa anaiona bajeti kila mwaka na kila mwaka anauliza lile deni limekaa fungu gani, na swali lake linaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, na mwaka wa tatu wa swali lile lile huwezi kusema hukujua. Wewe umekaa kwenye bodi, unajua kumbukumbu za kikao zina nguvu gani mkaguzi akija.

Na kuhusu madeni, ndio vyuo vina madeni, lakini hayo yametokea huku wafanyakazi wakiwa nje ya chumba. Hilo nalo ulipime.

Nakubaliana nawe kwenye jambo la siri. Mwakilishi wa wafanyakazi anaweza kutoka kikaoni akaenda moja kwa moja kwenye grupu ya WhatsApp na kumwaga kila kitu, zabuni, majina ya watu wenye kesi za nidhamu, kila kitu, na akifanya hivyo ameua kiti chenyewe kwa wote watakaokuja nyuma yake. Anayetaka kazi hii lazima aweze kuwaambia wenzake uamuzi na sababu zake bila kuwapa faili, na lazima akubali siku nyengine apige kura wasiyoipenda. Ni kazi ngumu, lakini watu wa aina hiyo wapo vyuoni, nawajua, wanaendesha sakos za mamilioni kwa amana na hesabu haipotei hata shilingi.

MWANAFUNZI WA MWAKA WA TATU, KISUMU NDOGO

Hae dada, sisi je? Tunachagua viongozi kila mwaka lakini kwenye kaunsili hatuna mtu.

Hamna, mwanangu. Sheria ya 2012 haikuwawekea kiti, na mabadiliko ya 2016 yakabadilisha hata uchaguzi wenu wa viongozi, ikawa mnachagua wajumbe na wajumbe ndio wanachagua. Ombi lolote litakalopelekwa Bungeni kuhusu wafanyakazi mngefaa muwe ndani yake toka mwanzo, msisubiri lenu. Jirani zetu Uganda, sheria yao ya vyuo vikuu ya 2001 inaweka kwenye kaunsili wahadhiri, wafanyakazi wa utawala, wafanyakazi wa ngazi za chini na wanafunzi, wote wa kuchaguliwa na wenzao. Chuo cha Makerere kingali kimesimama.

MHADHIRI WA MUDA, GEDE

Dada, nafundisha kwa mkataba wa muhula, nalipwa kwa kozi, na malipo yenyewe yanakuja wakati yanapotaka. Nakubaliana na kiti lakini naogopa kitachukuliwa na profesa mkubwa ambaye hajawahi kunisalimia, alafu wasiofundisha watapewa kiti cha huruma. Mtu mmoja kwenye meza ya watu tisa atafanya nini?

Dada yangu, barua yako imenikalisha muda mrefu kuliko zote.

Nianze na hilo la mwisho. Mtu mmoja kati ya tisa hawezi kushinda kura na asijidanganye. Lakini anapata vitu viwili ambavyo leo hamna. Anaziona karatasi za kikao kabla ya uamuzi, na anauliza mbele ya watu ambao lazima wamjibu. Hilo si dogo. Ila ni kweli mmoja ni mchache, ningependa viwe angalau viwili, kimoja cha wanaofundisha na kimoja cha wasiofundisha, na hicho cha pili kisiwe cha huruma hata kidogo. Mpishi na fundi umeme wanajua mambo ya chuo ambayo dekani hawezi kuyajua, wanajua stima inakatika saa ngapi, wanajua hosteli gani inavuja, wanajua nani anapitisha vitu getini usiku.

Dunia ina mitindo mingi na si yote mizuri. California peke yake ina miwili. Kwenye mfumo wa University of California, wahadhiri wawili wa seneti wanakaa na bodi ya Regents, wanaongea lakini kura hawana. Kwenye ule mfumo mwengine mkubwa, California State University, mhadhiri mmoja ni mjumbe kamili wa bodi na anapiga kura, ila wahadhiri wanapendekeza majina na Gavana ndiye anayeteua. University of Toronto kule Kanada ina baraza la watu 50, na 12 kati yao wametoka kwa walimu, wanafunzi ni 8 na wafanyakazi wa utawala 2. Hiyo ni kubwa mno kwetu labda. Mimi unaonipendeza zaidi ni wa Scotland. Sheria yao ya 2016 inataka wawili wachaguliwe na wafanyakazi wote, mmoja apendekezwe na chama cha wahadhiri na mmoja na chama cha wafanyakazi wengine, juu yake wanafunzi wawili, na hata anayeongoza baraza lenyewe anapigiwa kura na wafanyakazi na wanafunzi. Yaani wamekubali kwamba chama kina sauti yake na mfanyakazi wa kawaida asiye wa chama ana yake.

Sasa wewe na mikataba yako ya muhula. Hapa naomba wanaoandika maombi na mapendekezo wasome mara mbili. Neno lolote linalosema "wafanyakazi wa kudumu" ndilo litakalokutoa nje. Vyuo vyetu vinafundishwa kwa sehemu kubwa na watu kama wewe, unasahihisha mitihani ya watu mia mbili na ukienda ofisini kuuliza malipo unaambiwa urudi wiki ijayo, na kama kiti kitapatikana alafu wewe huna kura ya kukijaza basi shida imehamishwa tu kutoka kwa Waziri kuja kwa profesa. Kwa maoni yangu mtu yeyote mwenye mkataba unaoendelea siku ya uchaguzi apige kura. Anayegombea awe amekaa chuoni muda fulani, hilo sawa, lakini anayepiga kura asizuiwe.

Na hofu yako ya profesa mkubwa itibuni kwa kura ya siri, kipindi kimoja au viwili tu, na sharti kwamba mwakilishi aitishe kikao na waliomchagua kila muhula. Kampasi za mbali nazo zipige kura huko huko ziliko, manake ukiweka sanduku moja kampasi kuu tu, wa Lamu na wa Kwale washatolewa kabla kura hazijahesabiwa.

MKE WA MFANYAKAZI WA CHUO, BARANI

Mume wangu anakatwa pesa za penshen kila mwezi kwenye payslip lakini kwenye taarifa ya akaunti hazionekani. Anasema wakubwa ndio wanajua. Kweli hakuna mtu wao huko?

Dada, huko mtu wao yupo! Mifuko ya penshen inasimamiwa na wadhamini, na kwa kanuni za mafao ya kustaafu za 2000, mfuko ambao kila mtu ana akaunti yake ya michango angalau nusu ya wadhamini hupendekezwa na wanachama wenyewe, na ule wa aina ya zamani wa mafao yaliyopangwa angalau thuluthi moja. Mwambie aulize majina ya wadhamini wanaowakilisha wanachama, ampelekee huyo payslip na taarifa ya akaunti, na mkutano mkuu wa mwaka wa mfuko ukifika asikose. Wakimzungusha kuna mamlaka inayosimamia mafao ya kustaafu, RBA, inapokea malalamiko ya mwanachama mmoja mmoja. Uchaguzi wa wadhamini huwa watu wanaupuuza, wanaona ni mambo ya makaratasi, alafu anapita yeyote. Tafadhalini msiupuuze, ndicho kiti mlicho nacho leo.

KARANI, MAMBRUI

Nataka kujua kaunsili yetu iliamua nini kuhusu kufunga kampasi ndogo. Nikiuliza naambiwa ni siri. Naandikaje barua?

Unaandika kwa Kiswahili kaka, sheria inaruhusu, ile ya Kupata Habari ya 2016 inasema ombi liwe la maandishi kwa Kiingereza au Kiswahili. Liandikie ofisi ya VC. Taja jina lako na anwani, alafu useme hasa unachotaka, mfano uamuzi wa kaunsili kuhusu kampasi fulani, tarehe ya kikao, na ripoti iliyotumika kuamua, usiandike "nataka kujua kila kitu" manake watakurudisha. Huna haja ya kueleza unaitakia nini. Majadiliano mengine wana haki ya kuyazuia, kama kesi za watu binafsi, lakini uamuzi wa kufunga kampasi iliyojengwa kwa pesa ya umma sioni utafichwa kwa sababu gani. Wakati unasubiri tafuta ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali ya chuo chenu, hiyo iko wazi kwa kila mtu na mara nyingi majengo na madeni yametajwa mle.

Peleka nakala mbili, moja wapokee na nyengine wakupigie muhuri na tarehe ubaki nayo. Wana siku 21 za kukujibu. Zikipita kimya, au wakikukatalia na hukuridhika, nakala yako yenye muhuri ipeleke kwa Tume ya Haki za Kiutawala, wale wanaoitwa Ombudsman, wana ofisi Mombasa, na kulalamika hulipi kitu.